Bunduki Chini ya Koti: Maneno kwa Wababa, Wamama na Viongozi wa Kambi

(Maneno haya yalisemwa na mfanyakazi wetu wa uwanjani mbele ya familia zilizokimbia kutoka Masisi na Walikale, pamoja na viongozi wao. Mahali na siku ya kikao hatuvitaji, kwa usalama wa waliokuwapo.)

Najua leo ni siku ya soko na wengine mmeacha kibarua, kwa hiyo sitawachelewesha na utangulizi mrefu.

Wengi mnanifahamu. Baba yangu ni wa Masisi, mama yangu ni wa Walikale. Nilikimbia mara ya kwanza nikiwa mgongoni mwa mama, mwaka 1993, vita ilipoanzia kwenye soko la Ntoto na kuingia Masisi. Shule yangu karibu yote niliisoma nikiwa mkimbizi, mpaka chuo kikuu huko Goma. Basi ninaposema "sisi wakimbizi", sisemi hivyo kwa adabu tu.

Kwenye karatasi ya mwaliko tuliandika kwamba tutazungumza juu ya usalama katika familia. Hayo ni maneno ya ofisi. Jambo lenyewe ni bunduki ambayo baba anaificha ndani ya nyumba au mwilini mwake ili ajilinde. Ninajua kwamba zipo. Sikuja kuzitafuta, na sina kalamu mkononi. Hakuna atakayeulizwa leo kama anayo. Naomba pia mtu asimnyooshee jirani yake kidole, hata kwa mzaha, maana mzaha wa namna hiyo umeshaua watu.

Nianze na baba mmoja. Miezi iliyopita tulikuwa na kikao juu ya kuni. Kilipokwisha, baba huyo, mtu mzima anayeheshimiwa, akanisubiri mpaka watu wote wakatawanyika. Akaniita pembeni na kufungua koti lake. Kwetu Masisi ni baridi, kila mzee ana koti, na koti halimshtui mtu. Ndani ya mkanda kulikuwa na bastola ya zamani sana, ile yenye gurudumu la risasi, ambayo wengi wetu tumeiona katika filamu za makauboi tu. Aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa kapita katika shamba la mzungu zamani za Wabelgiji. Ilikuwa na risasi nne, na risasi zenyewe zimeota kutu ya kijani.

Akaniambia: "Mwanangu, najua utasema niitupe. Lakini nina mabinti wawili wanaokwenda kutafuta kuni. Ninyi mna semina. Mimi nina hii."

Nilicheka kidogo, kicheko cha haya, kwa sababu sikuwa na jibu. Nilimwambia tutazungumza siku nyingine. Maneno ya leo ni jibu ambalo sikuwa nalo siku ile.

Kwanza, baba yule hana wazimu. Mtu akija kutoka shirika fulani akawaambia raia asiwe na silaha, na asiseme lolote juu ya hatari inayomfanya raia aitafute silaha, huyo amesema nusu ya maneno. Watu wa Walikale waliopo hapa wanakumbuka barabara ya Kibua kwenda Mpofi. Kuanzia tarehe 30 Julai mpaka tarehe 2 Agosti 2010, wenye silaha waliingia katika vijiji 13 vya barabara ile, Luvungi kikiwa kimojawapo. Umoja wa Mataifa wenyewe uliandika baadaye kwamba watu wasiopungua 387 walibakwa, wanawake wengi, wanaume pia, na watoto. Kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa haikuwa mbali, ilikuwa Kibua hapo hapo. Siku nne zilipita. Mtu aliyepitia siku zile akiniambia "hakuna aliyekuja", mimi nitamjibu nini? Ninainamisha kichwa.

Kwa hiyo tusiongee kama hatari ni hadithi. Hatari ni kweli. Swali langu ni dogo zaidi: ile bunduki chini ya koti, hatari hiyo inaipunguza, au inaileta mlangoni?

Niseme kidogo juu ya bastola yenyewe, maana nilikwenda kujifunza. Ile ya baba yule ina gurudumu lenye vyumba sita vya risasi. Ukivuta kifyatulio peke yake, haitoi risasi. Ni lazima kwanza uvute kwa kidole gumba kile kinyundo cha nyuma, gurudumu lizunguke, chumba kipya kikae sawa na mtutu, ndipo uvute kifyatulio. Kila risasi inadai kinyundo kwanza. Zikiisha, unatoa maganda moja moja na kuingiza nyingine moja moja. Marekani walianza kutengeneza moja maarufu ya namna hiyo, Colt, mwaka 1873, kwa askari wa farasi. Zile za zamani zina hatari moja: kinyundo kikiwa kimelala juu ya chumba chenye risasi, kisha bastola ikaanguka chini au ikagongwa, inaweza kulia yenyewe. Ndiyo sababu watu wa kule waliozoea kuibeba waliweka risasi tano tu, wakaacha chumba cha chini ya kinyundo kikiwa kitupu. Kampuni ya Ruger ilianza kuweka kizuizi ndani ya bastola zake za namna hiyo mwaka 1973, miaka 100 baadaye.

Nilipoonana tena na baba yule nikamwuliza: Mzee, una risasi nne katika vyumba sita, je, chini ya kinyundo kuna nini? Hakujua. Akageuka pembeni, akatazama. Risasi ilikuwa hapo hapo. Na bastola ile, usiku, analala nayo ubavuni katika hema moja na mke wake na watoto watano, wakiwa wamebanana kama maharage kwenye gunia. Nilimwona mikono yake ikitetemeka alipokuwa akiitazama. Mimi pia.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Wanaokuja kambini au kijijini usiku huja wangapi? Mnajua kuliko mimi. Ni wanne, ni sita, pengine kumi. Wana kalashi, na kila kalashi ina risasi 30 katika magazini yake, na ukiiachia inatema kwa kasi ya risasi kama 600 kwa dakika. Baba yuko ndani, gizani, watoto wamemzunguka, ukuta wake ni turubai. Afungue koti, kinyundo kisinase kwenye kitambaa, avute, alenge asichokiona, apige mara moja. Tuseme bahati ni yake na mmoja ameanguka. Wale wengine watafanya nini baada ya hapo? Na hawataipigia risasi hema yake peke yake, maana gizani hema zote ni sawa.

Mzee mmoja wa Pinga, tulipokuwa tunaongea mambo haya, alinipinga. Alisema mwizi mmoja mwenye panga ataogopa hata bastola ya kutu. Ni kweli, sikatai. Mwizi mmoja mwenye panga yupo, na bastola ingemfukuza. Lakini mwizi mmoja mwenye panga anafukuzwa pia na majirani kumi wakipiga sufuria, na sufuria hailii yenyewe ikianguka.

Jambo lililonifanya nikubali kusema leo ni siri. Sisi tunasema bunduki "iliyofichwa". Imefichwa wapi? Tunaishi hema kwa hema. Jirani akikohoa unamwambia pole bila kunyanyuka. Mtoto wako anamwambia rafiki yake kwenye foleni ya maji kwamba baba ana kitu. Mke anamwambia dada yake kwa sababu anaogopa. Na wewe mwenyewe, siku umekunywa kasiksi kidogo, unamwambia mwenzako asikuchezee. Katika muda mfupi watu thelathini wanajua, na kila mmoja anaamini ni yeye peke yake anayejua.

Ninasema kwa uchungu. Mjomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa na bunduki chini ya kitanda, nikiwa mtoto wa miaka kama kumi. Aliinunua kwa mtu aliyekimbia jeshi, kwa bei ya mbuzi wachache. Alikuwa mwema, hakuwahi kumtishia mtu nayo. Usiku mmoja wakaja watu. Sitasema ni wa upande gani, kwa sababu hata leo hatuna hakika, na kwa sababu upande si neno langu leo. Waligonga mlango, na neno lao la kwanza halikuwa "pesa" wala "mbuzi". Walisema: "Leta bunduki." Walikuja kwa ajili yake. Silaha ilikuwa na thamani kwao kuliko kitu chochote katika nyumba ile, na pia hawakutaka iwe kwa mtu mwingine. Mjomba aliitoa. Wakamwambia alete na nyingine. Nyingine haikuwapo. Hawakuamini.

Shangazi, mke wake, bado yuko hai. Nilimwomba ruhusa kusema haya. Alikubali, akaongeza: "Waambie kwamba mimi nilijua na nilinyamaza."

Hapo naomba wamama wanivumilie kidogo, niseme na wababa. Katika kikundi kimoja cha wamama, mama mmoja alisema kwa sauti ya chini: "Ile bunduki anayosema ni ya wezi, wezi hawajaiona hata siku moja. Mimi nimeiona mara tatu." Wenzake hawakushangaa. Wengine walitazama chini. Wababa, tunajua maisha ya kambi yametufanyia nini. Mtu aliyekuwa na ng'ombe na shamba la maharage anapanga foleni na kikombe, mke ndiye anayepewa kadi ya chakula, watoto hawamsikii. Mtu wa namna hiyo akiwa na silaha mkononi anajisikia tena kuwa baba. Ninaelewa. Lakini mwulizeni mke, mkiwa peke yenu na hamna hasira, kama anajisikia kulindwa. Mkubali jibu atakalotoa.

Niende kwa viongozi wa kamati, kwa sababu bunduki ya mtu mmoja haibaki kuwa ya mtu mmoja. Wazee mnakumbuka kambi kubwa zilizokuwa karibu na Goma baada ya Julai 1994: Mugunga, Kibumba, Katale, Kahindo. Mle kulikuwa na wamama na watoto wengi mno, na katikati yao kulikuwa na watu wenye silaha. Mwezi wa Oktoba na Novemba 1996 kambi zile zilishambuliwa, Mugunga ikawa ya mwisho, katikati ya Novemba. Wengine walirudi Rwanda kwa miguu, wengine waliingia msituni kupitia Masisi na Walikale, na ninyi mliwaona wakipita. Aliyekuwa na bunduki na aliyekuwa na mtoto mgongoni walikimbia njia moja. Na juzi juzi tu, tarehe 3 Mei 2024, makombora yaliangukia wakimbizi wetu wa Mugunga na Lac Vert, watu zaidi ya 15 wakafa, wengi wakiwa watoto na wamama. Miezi ile silaha nzito zilikuwa zimewekwa karibu na kambi, na watu wenye bunduki walikuwa wakizunguka ndani. Sisemi bastola ya mzee ndiyo iliyoleta kombora. Ninasema kwamba kinga ya mkimbizi ni moja tu, kwamba anaonekana wazi kuwa raia. Kinga hiyo ni nyembamba, inavunjwa kila mara, lakini hatuna nyingine, na kila silaha inayoingia kambini inaitoboa.

Hii si fikira ya mashirika peke yao. Nchi za Afrika ziliiandika Kampala tarehe 23 Oktoba 2009, katika mkataba wa kuwalinda wakimbizi wa ndani: mahali wanapoishi pabaki pa raia, na wenye silaha watengwe nao. Sheria ya nchi yetu juu ya silaha ni ya mwaka 1985, na chini yake raia hawezi kuwa na bunduki bila ruhusa ya serikali, na bunduki ya vita haruhusiwi kabisa. Tangu Mei 2021, hali ya kuzingirwa ilipotangazwa Kivu Kaskazini, raia wengi walipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Na tangu 2025 mnajua barabara zetu zimegawanyika. Asubuhi kizuizi ni cha hawa, jioni ni cha wale. Sheria zao hazifanani, lakini kwa jambo moja wanapatana: raia aliyekutwa na silaha chini ya nguo haulizwi nia yake. Hawa watamwita mtu wa wale, na wale watamwita mtu wa hawa.

Kuhusu wawindaji wa Walikale, wameniuliza juu ya kalibre 12 zao. Hiyo naiona tofauti kidogo. Bunduki ya mwindaji kijiji kizima kinaijua, chefu anaijua, na kazi yake ni nyama. Tabu inakuja vita inapokaribia, kwa sababu ndiyo ya kwanza kutafutwa, au mwenyewe anaambiwa: wewe unajua kulenga, twende. Mwaka 1993 watu wengi waliuana kwa mapanga, mikuki na bunduki za namna hiyo hiyo. Sijapata neno la kuwaambia wawindaji. Mazungumzo hayo ni ya wazee wa mila, na ningependa yafanyike.

Sasa neno lenyewe, "kujilinda". Naomba tulitazame vizuri, bila kuhukumu kundi la mtu. Mwaka 2005 kule Shabunda watu walichoka kuuawa, wakajiita Raia Mutomboki, raia waliokasirika, na kazi waliyojipa ilikuwa kulinda vijiji. Baada ya miaka michache jina hilo lilikuwa limefika Walikale na Masisi. Mwaka 2006 kulikuja CNDP, na katika jina lake lipo neno kulinda watu. Katika jina la NDC ya Walikale pia neno kulinda lipo. Sijui kundi hata moja katika milima hii lililoanza kwa kusema "sisi tunakuja kushambulia". Wote walikuja kulinda. Kisha mlinzi lazima ale, na anayelindwa ndiye anayepika. Ndipo tukajifunza kulipa "lala salama", ukatoa franka zako ili ulale, na ndipo zikaja jetoni za kuonyesha barabarani kwamba umelipa. Wote wanaodai pesa hizo walianza kama baba yule wa koti: mtu mmoja, hofu ya kweli, silaha moja. Hata vijana wanaoingia leo, wengi wao wanaingia kwa hofu hiyo.

Basi mtu atauliza, aliyenayo afanye nini? Hapa nitakuwa mkweli hata kama viongozi wangu wa ofisi hawatafurahi. Kuna miaka ambayo ilikuwa rahisi kujibu. Katanga, miaka ya 2004 na 2005, mchungaji Ngoy Mulunda na watu wake wa PAREC walikuwa wakitoa baiskeli kwa mtu anayeleta bunduki, na watu walizileta. Leo, katika baadhi ya vijiji vyetu, mtu akitembea barabarani na bunduki mkononi akisema "naipeleka kuirudisha", hatafika. Kwa hiyo siwaambii mwamke kesho mwende nazo mahali fulani. Mtu asitembee nayo peke yake. Asimpe kijana aitupe. Asiitupe chooni wala mtoni, maana watoto wataiokota. Aanze na mtu mmoja anayemwamini, mzee, padri, mchungaji, imamu, mtu asiye na bunduki na asiyefuata kundi, na mtu huyo atafute njia bila kutaja jina. Zipo njia ambazo zimefaulu, na hizo sitazieleza mbele ya watu wengi. Na wakati anangoja, risasi zitoke ndani ya bunduki. Hilo la risasi lifanyike leo.

Guruneti au risasi usizozijua usiziguse kabisa. Weka alama, zuia watoto, ita watu.

Na wale mabinti wawili? Maana swali la baba yule lilikuwa juu ya mabinti. Bastola ilikuwa jibu lake.

Hapa ndipo nilipoona aibu kwa cheko langu. Nilimwuliza mabinti wanakwenda siku gani, njia ipi, na nani. Hakujua. Alijua bastola, hakujua njia. Tukamwita mama yao, naye akajua kila kitu: wanakwenda mara tatu kwa wiki, wawili peke yao, asubuhi sana, kwa sababu wakichelewa kuni za karibu zimekwisha. Kumbe wamama wa hema zile walikuwa wameshaomba kwenye kamati kwamba watu waende kwa makundi na wababa wachache wawasindikize, na kamati ikasema itajadili. Haikujadili. Baba yule mwenyewe alikuwa katika kamati.

Sasa wanakwenda watu ishirini au zaidi, siku mbili kwa wiki, wazee wanne wa kiume wakiwa mbele na nyuma, mikono mitupu. Wanabadilisha njia. Mama mmoja aliyebaki kambini anajua saa ya kurudi, na wakichelewa anaanza kuita. Wanaojua kutengeneza jiko la udongo wamewafundisha wenzao, na kuni zinapungua kidogo, si nusu kama vitabu vyetu vinavyosema, lakini kidogo. Mara mbili walizuiwa njiani. Mara ya kwanza waliwanyang'anya panga na simu. Mara ya pili wazee waliongea muda mrefu sana, wakaachwa wapite bila kuni. Si ushindi. Mabinti walirudi nyumbani mara zote mbili. Ningekuwa mwongo kama ningewaambia kwamba itakuwa hivyo kila siku.

Kitu kingine ni simu na majina. Baada ya Luvungi, mtindo wa vijiji kuwa na mtu wa kutoa habari ulienea katika maeneo yetu, akiwa na simu au radio na namba za kuita. Pengine umekufa, pengine bado uko. Viongozi, hebu tazameni katika kambi yenu: nani ana simu yenye chaji saa nane ya usiku? Anaita nani? Kama jibu ni "tutaona", basi jibu ni hapana.

Na watu wasidhani kwamba aliyenyamaza bila bunduki hana nguvu kabisa. Ntabo Ntaberi Sheka, aliyeongoza kundi lililotajwa katika mambo ya barabara ile ya Kibua na Mpofi, alijitoa mwaka 2017, na tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu kifungo cha maisha. Miaka kumi ilipita, ni mingi mno, na ninajua waliotendewa wengi hawajapata fidia yoyote. Lakini waliokwenda kusimama na kusema mbele ya majaji walikuwa watu wa vijiji, wamama kati yao, na hawakuwa wamebeba kitu.

Baba yule ameshatoa risasi zake nne. Bastola bado anayo, nasema kweli. Aliniambia kwamba ni ya baba yake na kwamba hajawa tayari. Tunaendelea kuongea. Wiki iliyopita alikuwa mmoja wa wale wanne waliosindikiza kuni, akiwa amevaa koti lake, na kabla ya kuondoka aliinua pande zote mbili mbele ya wamama, ili waone kwamba ndani hakuna kitu.

Nimemaliza maneno yangu. Nitakaa pale chini ya mti mpaka saa kumi. Anayetaka kusema nami peke yake aje, hata kama ni kunigombeza. Wamama watakutana na mwenzangu ndani ya kanisa, wababa wasisogee kule. Na kamati, kabla hatujala, naomba mnipe ratiba ya kuni ya wiki ijayo, yenye majina.